Chini ya Ua wa Minyaa

Watu wa ghalani walimwita Sindano, lakini jina hilo hakuliokota ghalani. Alipewa na baba yake akiwa na miaka saba, kwa sababu alikuwa mwembamba na kwa sababu maswali yake yalichoma. Kwamba ukubwani alikuja kula kwa kushona magunia, hapo ni Mungu tu alikuwa anatania. Sasa alikuwa na miaka hamsini na minne, hajanenepa hata kidogo, na ulimi ulikuwa palepale.

Ghala lilikuwa la mazao, refu, la mabati yanayovuja. Kiti chake kilikuwa kreti la soda lililogeuzwa, mlangoni penye mwanga. Alikuwa na sindano ya chuma ndefu kama kiganja, ncha imepinda, na uzi wa katani aliokuwa akiupitisha kwenye nta ya mshumaa ili usikatike. Wachukuzi wakimletea gunia, hakuanzia mdomoni kama wengine. Aliligeuza kwanza, akaingiza mkono, akakagua matako. "Mahindi hayatorokei mdomoni," aliwaambia kila msimu, na kila msimu walicheka upya, maana mtu anayebeba magunia tangu alfajiri hachagui kichekesho.

Siku Mwalimu alipopiga simu, Sindano alikuwa kwenye gunia la kumi na tisa. Mwalimu ni mdogo wake wa mwisho, anafundisha jiografia katika shule ya mbali, na mito ya dunia nzima anaijua kwa majina. Alisalimia vizuri, akauliza hali ya mvua, akauliza hali ya magoti yake, halafu akasema Jumamosi watakuja yeye na kaka yake kwa ajili ya kikao cha shamba la marehemu. Baba yao alikuwa na miezi mitatu kaburini. Sindano akajibu karibuni, nyumba ni yenu, akaweka simu chini, akajichoma kidole. Ni miaka mingapi hajajichoma! Alikinyonya kidole huku akijua vizuri kabisa alichokuwa anakiogopa.

Shamba la baba yao lilianzia barabarani, likashuka kupita nyumba na mahindi na mihogo, mpaka kwenye kijito. Lakini zamani, wakati hao wadogo zake wanakua, hakuna aliyehesabu mpaka kijitoni. Sehemu ya chini kabisa ilikuwa matete na matope, ng'ombe wakizama humo, watoto wakitishwa kwa nyoka wasisogee. Kila mtu aliona shamba linaishia matete yanapoanzia, na mambo yalikuwa hivyo mpaka Sindano alipoachika.

Alirudi nyumbani na begi moja na cherehani iliyokatika mguu. Ni miaka kumi na tisa sasa. Baba yake hakumuuliza kosa ni la nani. Alimpa jembe. Misimu mitatu baba na binti walichimba mifereji, maji yakiwafika kwenye miundi, mzee akikohoa na kutukana vyura, mpaka matete yakakubali kufa na udongo mweusi ukaonekana, ule udongo ambao ukiangusha mbegu kwa bahati mbaya unaota. Msimu wa nne mzee akakata vijiti vya minyaa, akamwita Fundi Baiskeli, jirani wa ng'ambo ya kijito, aje amshikie kamba. Wakavuta kamba kutoka upande mmoja wa shamba mpaka mwingine, mzee akapanda minyaa yake kijiti kwa kijiti. Alipomaliza alijinyoosha mgongo akasema: "Juu ya ua ni ya wanangu wa kiume, wasije wakasema nimewanyima. Chini ya ua ni ya Sindano. Yangu mimi imeishia hapa." Karatasi hakuandika. Watu wa umri wake waliamini kauli ikishatoka mbele ya jirani imetoka.

Ule ua ukakua ukampita mtu kimo, mzito, maziwa yake yakichoma macho ya kila mjuaji. Palikuwa na upenyo mmoja tu, wa kimo cha Sindano. Wadogo zake hawakuwahi kuupita. Walikuja sikukuu kwa gari, wakakaa barazani, wakala, wakapakia gunia la mahindi na matenga ya mboga, wakasifu: dada, mboga zako hizi, mjini hazipo! Hakuna aliyeuliza zimelimwa wapi. Nao si watu wabaya, tusiwasingizie. Mtu akizoea kuletewa, miguu yake husahau njia ya shambani.

Jumamosi wakaja. Spea ndiye anayemfuata Sindano kwa kuzaliwa, ana duka la vipuri vya magari, na hilo la Spea ndilo jina lake hata kwa mkewe. Mwalimu alivaa tai. Na Baba Mdogo, ndugu wa marehemu aliyebaki, alikaa kwenye kochi la kaka yake na fimbo yake katikati ya magoti. Huyu mzee ilibidi umheshimu. Miaka thelathini watu wa kijiji kile wakigombania mpaka, wanamwita yeye na ile fimbo. Anatembea, anasimama, anachoma fimbo ardhini, anasema ni hapa, na inakuwa ni hapo. Hakuna aliyewahi kumrudisha nyuma hata hatua moja. Ila sasa macho yalikuwa na ukungu, na magoti hayakumpeleka mbali na barabara. Chini ya nyumba ya kaka yake alikuwa hajashuka miaka na miaka.

Kikao hakikuwa kirefu, kwa sababu kilikuwa kimeshafanyika kwenye simu. Nusu ya juu ya Spea, nusu ya chini ya Mwalimu. Jumanne watu wa ofisi ya ardhi wanakuja kupima, kila mtu apate hati yake, halafu lote wamkodishie bwana mmoja anayetaka kupanda miti ya mbao. Dada ataondoka na Spea, akasaidie wajukuu. Chumba cha nyuma ya duka kipo, alisema Spea, na kina dirisha. Alilitaja lile dirisha mara mbili.

Sindano aliweka sinia la vikombe mezani, akaomba kusema. Alisema hataki kugawiwa. Alisema baba yao akiwa hai, na akili zake timamu, alimpa kipande, naye anaomba kipande hicho tu kisiguswe.

Baba Mdogo alifumba macho. Ni mzee aliyembeba Sindano mabegani utotoni, na alimjibu kwa upole, na upole ndio ulioumiza zaidi. Alisema binti ni wa kuolewa, shamba lake liko kwa mumewe. Mume akimshinda, wadogo zake wapo, hatalala njaa. Lakini ardhi ya ukoo haikatiwi binti, haijakatwa tangu kuumbwa kwa kijiji, na yeye hatakuwa wa kwanza kuikata. Sindano akasema tena, hajaomba kukatiwa, alishapewa. Hapo Mwalimu akafungua kinywa aulize ni kipande gani, na mzee akainua mkono.

"Usimuulize," alisema. "Sitaki hata kujua ni kipande gani. Nikishajua, nitakuwa nimekubali kwamba kipo."

Basi yakaishia hapo. Sindano aliokota vikombe, akaenda jikoni, akalia. Alilia kwa hasira kuliko huzuni, akiwa amesimama, sufuria mkononi. Wale wawili aliwabeba mgongoni, Spea alikuwa mzito na mkojozi, na leo anampa dirisha.

Kesho yake alivuka kijito kwenda kwa Fundi Baiskeli. Alimkuta ameipindua baiskeli ya mtu, anatafuta panchari kwenye beseni la maji. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, mkono umo majini. Alisema yeye yupo, ile kamba aliishika kwa mikono yake hii, na akiulizwa atasema. Lakini hajaulizwa. Na mambo ya ukoo wa watu, jirani akiingia bila kuitwa, anatoka na kovu. Sindano alimuelewa. Alirudi kupitia upenyo wake, akasimama kati ya maharage, akajiambia kwamba Jumanne watafika hapa na kile kifaa chao cha kupimia, na ikifika Jumatano atakuwa anafunga begi.

Jumanne gari la ofisi lilifika saa tatu asubuhi. Baba Mdogo alimwendea mwanamume aliyeshuka upande wa usukani, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamkaribisha kwa maneno mazito yanayomstahili mkubwa wa serikali. Yule akasema yeye dereva tu, mpimaji ni huyu mama. Mpimaji alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, buti za mpira, kofia ya jua, na kifaa kidogo shingoni mfano wa redio. Alisalimia shikamoo kama hakuona kitu. Akauliza ni akina nani wataonyesha mipaka. Baba Mdogo akasema wanaume wa ukoo. Akauliza nani mwingine anaishi hapa. Spea akasema yupo dada, yuko jikoni.

Na kweli alikuwa jikoni. Aliambiwa akae huko, mpaka hautembelewi na mwanamke, basi akakaa, akichambua maharage kwenye ungo na macho yako mlangoni. Aliwaona wakianzia barabarani. Aliwaona wakishuka upande wa mihogo, mzee ameshikwa mkono na Mwalimu, Spea akiruka matuta kulinda viatu vyake. Wakafika kwenye ua. Upenyo uko pale, hatua kumi tu kushoto kwao.

Wakasimama. Baba Mdogo akainua fimbo, akaipitisha hewani kufuata ua wa minyaa kutoka pembe mpaka pembe, halafu akaichoma ardhini. Mpimaji alisema kitu, akionyesha ng'ambo. Spea akacheka. Mzee akatikisa kichwa. Mpimaji akapiga alama yake kwenye kifaa, na wote wakageuka, wakaanza kupanda kurudi nyumbani.

Ungo ulibaki mapajani mwa Sindano. Ilimchukua muda kuelewa alichokiona. Mzee alikuwa ameonyesha mpaka anaoukumbuka, wa enzi za matete. Walikuwa wamelifunga gunia mdomo bila kukagua matako.

Mezani mpimaji aliandika, kisha akasoma kwa sauti ili kila mtu asikie. Kaskazini, barabara. Mashariki, shamba la fulani. Magharibi, la fulani. Kusini, ardhi ya marehemu inaishia kwenye ua wa minyaa. Alirudia hapo kwenye kusini. "Mzee, una uhakika? Ng'ambo ya ule ua ni nini?"

"Matete na vyura," alisema Baba Mdogo. "Mama, mimi nimeonyesha mipaka tangu wewe hujazaliwa."

Sindano alikuwa amesimama hapo na birika. Dhamiri ilimsukuma, maana uongo haukuwa desturi yake. "Baba Mdogo," alianza, "huko chini..."

"Mwanangu, chai inapoa," mzee akamkata, bila ukali.

Haya. Mara mbili. Mtu akizibwa mdomo mara mbili na wakubwa zake, akinyamaza mara ya tatu anakuwa mtoto mwenye adabu. Sindano alimimina chai. Spea alisaini kwa mkogo, saini yenye mkia. Mwalimu alisaini kwa mwandiko wa ubaoni. Baba Mdogo alipakwa wino akaweka dole gumba, akalifuta kwa kuridhika.

Lakini mpimaji alikuwa na kazi yake na anaijua. Alisema kila upande lazima jirani athibitishe, na kwa upande wa kusini anahitaji mwenye eneo la chini. Mwalimu akasema huko ni Fundi Baiskeli. Dereva akatumwa kumfuata. Fundi Baiskeli akaja na suruali imekunjwa mpaka magotini, mikono ina grisi, akasomewa karatasi, akakuna kidevu.

"Shamba langu linaishia kijitoni," alisema. "Kutoka kijitoni kuja kwenye ua, si kwangu."

"Kwani hapo katikati pana nafasi?" mpimaji akauliza.

"Pana shamba," alisema Fundi Baiskeli.

Walishuka wote. Safari hii hakuna aliyemwambia Sindano abaki jikoni, au hawakukumbuka. Yeye ndiye aliyewaonyesha upenyo. Mpimaji alipita bila shida, Mwalimu akashikwa tai na kijiti, Spea akapita kwa ubavu akilaani, na Baba Mdogo ilibidi ainame sana, huku Fundi Baiskeli akimshikia matawi yasimguse macho.

Ng'ambo palikuwa na ekari nzima. Mifereji minne iliyonyooka kama imepigwa rula, maji yakipita polepole. Maharage, kabichi, viazi vitamu, na migomba ukingoni mwa kijito. Spea alisimama mdomo wazi. Hizo kabichi alizijua, alikuwa amekula za mwaka jana na juzi na mwaka mwingine.

Akili ya biashara ndiyo iliyomrudia kwanza. Alisema hili nalo ni la marehemu, tena ndilo zuri kuliko lote, liongezwe kwenye karatasi. Walikosea kidogo tu. Lifutwe pale kwenye ua, liandikwe kijito.

Mpimaji alimgeukia Sindano. "Mama, ni wewe unayelima hapa?"

"Ndiyo. Miaka kumi na sita."

"Ulipapataje?" Kisha, kabla hajajibiwa, akainua kalamu. "Nisikilize kwanza, maana swali hili lina majibu zaidi ya moja. Ukiniambia ulikuta matete ya watu wote ukayafyeka, na hakuna aliyekuzuia muda wote huo, naandika ni pako na naondoka. Ukiniambia ulipewa na baba yako, nitataka shahidi, na hawa ndugu zako wana haki ya kupinga. Wakipinga na wakasikilizwa, panarudi mezani."

Kila kitu kilikuwa kimewekwa wazi namna hiyo, na hata Spea alikielewa. Fundi Baiskeli alimtazama Sindano na kukohoa, kikohozi cha mtu anayesema chukua hiyo ya kwanza, mama, usiwe mjinga. Matete yalikuwepo kweli. Kuyafyeka aliyafyeka kweli. Maneno mawili tu, na begi lisingefungwa.

Sindano aliangalia mfereji wa pili, ule uliopinda kidogo katikati. Pale ndipo baba yake aliposhikwa na kikohozi akaacha kuangalia kamba, na hakukubali kuurekebisha. Alisema maji hayajui kunyooka. Akisema alikuta matete, basi mzee hakuwahi kusimama pale. Hakuwahi kumpa binti yake jembe bila kumuuliza makosa. Kwenye karatasi ya serikali, yeye atakuwa mtu aliyeokota pori, hana baba. Na hao waliosema binti hapewi watakuwa wamesema kweli, kwa maana hakuna aliyempa.

"Nilipewa na baba," alisema.

Fundi Baiskeli alifumba macho. Spea akasema hapohapo anapinga, aandikwe kwamba amepinga, ardhi ya ukoo haitolewi kwa binti hata kwa mdomo wa nani.

Mpimaji akaandika. Akamuuliza Fundi Baiskeli kama ana la kusema, na sasa kwa kuwa ameulizwa, mzee alisema yote: kamba, vijiti, siku yenyewe, na maneno neno kwa neno. Juu ya ua ni ya wanangu wa kiume. Chini ya ua ni ya Sindano. Yangu mimi imeishia hapa. Alipofika kwenye "yangu mimi imeishia hapa" mpimaji aliacha kuandika, akafungua karatasi ya kwanza, ile ya mezani, akaisoma kimya, kisha akamgeukia Spea.

Alimweleza taratibu kama anayemsaidia. Ili apinge, lazima aseme ardhi ya baba yake, hadi anafariki, ilikuwa inavuka ua kufika kijitoni. Lakini hapa wamesaini watatu kwamba iliishia kwenye ua. Karatasi inafutika, si msahafu. Ila anayeifuta ni yule aliyeonyesha mpaka. Aandike na aweke dole kwamba alionyesha mahali pasipo mpaka, kwamba mpaka wa ndugu yake hakuujua.

Wote wakamtazama Baba Mdogo.

Mzee alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mfereji, fimbo imezama kidogo kwenye udongo laini. Alikuwa anafikiri nini? Sindano alimjua, na aliweza kumsoma. Kijijini mle palikuwa na nyumba arobaini zinazolala kwa amani kwa sababu ya ile fimbo. Akiweka dole kwamba mpaka wa ndugu wa tumbo moja na yeye aliukosea, kesho asubuhi kuna mtu atakuja kuuliza, na wetu je? Na keshokutwa mwingine.

"Baba Mdogo, sema tu ulikosea," alisema Spea. "Ni macho. Kila mtu anajua ni macho."

Hilo la macho ndilo lililoharibu, kama palikuwa na kitu cha kuharibika. Mzee alinyooka.

"Mpaka ni pale nilipoonyesha," alisema. "Kaka yangu alipanda ua, na mimi nimeuonyesha ua. Nani aliyekosea hapo?"

Spea alitaka kuendelea, na alikuwa na maneno mengi mazito ya kumwambia mzee. Mwalimu akamshika mkono. Halafu akaomba kalamu, akasaini kwenye karatasi ya pili kwamba hana pingamizi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba siku ya kikao alitaka kuuliza. Dada yake akasema anajua, alimwona. Hakusema zaidi ya hapo, maana kutaka kuuliza na kuuliza ni vitu viwili. Spea hakusaini. Alipanda juu peke yake, na mpaka leo huja sikukuu na hashuki kwenye gari, na kabichi haombi.

Mpimaji akazunguka ekari ile na kifaa chake, akapiga alama pembe zote nne, kisha akamsomea Sindano alichoandika. Jina. Umri. Kazi, fundi wa kushona magunia. Namna ya kupata ardhi: kupewa na baba mzazi. Sindano aliomba karatasi, akaisoma mwenyewe, mara mbili, akisogeza kidole chenye alama ya kuchomwa, halafu akasaini.

Watu wakaanza kuondoka. Alibaki Baba Mdogo, bado kwenye ukingo wa mfereji, kana kwamba amesahaulika. Sindano alimsogelea amshike mkono ampandishe, naye hakusogea.

"Alikuwa anashuka huku mwenyewe?" aliuliza mzee.

"Kila siku, baba. Mpaka miguu ilipokataa."

"Hakuniambia."

Sindano angeweza kuchoma hapo. Sindano yote ilikuwa mkononi, na nyama ilikuwa laini. Alisema tu, "Mimi nilitaka kukuambia."

Chura mmoja akaruka mferejini. Mzee alipindisha kichwa kufuata mlio, na Sindano akaona kwamba kweli haoni, haoni mfereji ulio mbele ya mguu wake, na asubuhi pale juu hakuwa ameonyesha ua kwa macho bali kwa kumbukumbu, na kwa ile harufu ya minyaa.

"Basi nionyeshe," alisema Baba Mdogo. "Nataka kujua ni kipande gani."

Alimpa mkono wa kushoto, fimbo akabaki nayo kulia. Sindano alianza naye kwenye pembe ya juu, penye ua. Alimwambia hapa ni mwanzo, mzee akachoma fimbo chini. Walifuata mfereji wa kwanza mpaka kijitoni, polepole kwa sababu ya magoti ya wote wawili, na kila walipofika kwenye kona alimwambia ni hapa, naye alisimama, akasubiri, akachoma fimbo palepale alipoambiwa.